Kuchinja si kukata kichwa: Somo kutoka Kalenga

MWAKA mmoja tuliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Mbeya hadi Iringa kutembelea Makumbusho ya Kalenga, umbali wa kilomita 15 hivi kutoka mjini. Walikuwa vijana mchanganyiko, Waislamu na Wakristo. Mle ndani, katika kisanduku cha kioo, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa. Mwenyeji wetu akatueleza namna Wajerumani walivyokikata kichwa kile mwaka 1898 na namna kilivyosafiri hadi Ulaya na kurudi.

Kijana mmoja wa darasa langu la Elimu ya Dini ya Kiislamu akanyoosha mkono: "Ustadh, kumbe Mkwawa alichinjwa?"

Kabla sijajibu, mwenzake Mkristo akadakia: "Mjerumani angejulia wapi kuchinja? Kuchinja si kazi yenu nyinyi Waislamu?"

Watoto wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa kuwa ilisemwa bila ubaya. Lakini wakati wa kurudi, njia nzima kutoka Mafinga, Makambako hadi Uyole, lile neno halikuniacha. Kijana wangu, aliyesoma fiqhi ya kuchinja, hakuona tofauti baina ya mbuzi wa Idi na kichwa kilichokatwa na jeshi la wakoloni. Na mwenzake, kwa utani tu, alikuwa ameshapokea kutoka mahali fulani kwamba panapotajwa shingo na kisu, Uislamu nao utajwe.

Ndugu msomaji, makala haya ni jibu nililopaswa kuwapa vijana wale palepale. Nitaanza na maneno yenyewe na asili zake, kisha tuyaangalie katika Qur'an na Sunna, halafu turudi Kalenga kwenye swali la yule kijana.

Maneno tuliyonayo

Kiswahili cha kila siku hakina kitenzi kimoja chenye maana ya kumkata mtu kichwa. Wafaransa na Wajerumani wana neno moja moja la tendo hilo. Sisi inabidi tuunganishe maneno mawili: kukata kichwa, au kukata shingo. Kwa sababu hiyo watu wengi, na magazeti yetu, hukimbilia neno lililo karibu, nalo ni "kuchinja". Utasoma "wamchinja kama kuku", "wanakijiji wachinjwa". Neno limeazimwa kutoka kwenye mnyama likapelekwa kwa mtu, na likizoeleka hivyo watu husahau kuwa limeazimwa.

Kuchinja ni neno la Kibantu, halikuja na Waarabu. Ndugu zetu Wakikuyu wa Kenya husema "gũthĩnja" kwa maana hiyo hiyo ya kuchinja mnyama. Maana yake ni kwamba babu zetu walikuwa wakichinja na wakiwa na jina la tendo hilo kabla ya Uislamu kufika pwani. Uislamu ulipokuja haukuleta kisu, bali uliweka masharti juu ya kisu.

Neno la pili ni kunyonga. Asili yake ni kusokota au kukaba. Mahakama zetu hulitumia katika hukumu ya "kunyongwa hadi kufa". Lakini Waislamu wa pwani na bara hulitumia pia kwa nyama: "nyama ya kunyonga" ni ile isiyochinjwa kisheria. Matumizi haya yana mizizi ndani ya Qur'an, kwani miongoni mwa nyama zilizoharamishwa katika Suratul-Maida (5:3) ni ya mnyama aliyekufa kwa kukabwa koo. Na aliyekufa mwenyewe bila kuchinjwa tunamwita kibudu.

Neno la tatu ni dhabihu, kutoka kitenzi cha Kiarabu "dhabaha". Neno hili tunalo pamoja na Wakristo. Madhabahu, ambalo wao hulitumia kwa ile meza takatifu ya kanisani, ni neno la mzizi huo huo, na maana yake ya asili ni mahali pa kuchinjia. Yule kijana aliyetutania pale Kalenga hutamka neno hilo la Kiarabu kila Jumapili.

Na kichwa chenyewe? Kichwa ni cha Kibantu, na watu wa Mvita husema "kitwa". Kwa Kiarabu kichwa ni "ra's", na kutokana nacho tumepata maneno kadhaa tusiyoyafikiria: rais, yaani aliye kichwa cha watu, rasilimali, yaani kichwa cha mali, na rasi, ile nchi kavu inayoingia baharini. Walatini nao huita kichwa "caput", na kutokana na neno hilo Waingereza wamepata jina la mtaji na pia jina la adhabu ya kifo. Karibu kila lugha imekifanya kichwa kuwa alama ya uongozi, ya thamani na ya uhai wenyewe. Ndiyo maana anayekata kichwa cha maiti huwa anakusudia kusema jambo fulani, kwani kuua kumeshakwisha.

Qur'an inalitumiaje neno "dhabaha"?

Mwanachuoni wa lugha ya Qur'an, ar-Raghib al-Isfahani, ameeleza kuwa asili ya neno hili ni kupasua koo la mnyama. Tuangalie basi mahali Qur'an ilipolitumia.

Limetumika kwa ng'ombe wa Bani Israil katika Suratul-Baqara (2:67-71). Limetumika kwa ndege Hudhud, pale Nabii Sulaiman (a.s.) alipotishia kumchinja kwa kutoroka bila udhuru (27:21). Limetumika kwa wanyama waliochinjiwa masanamu, na nyama yao ikaharamishwa (5:3). Kwa ngamia kuna neno jingine, "nahr", kwa kuwa ngamia huchomwa chini ya shingo, na tunalikuta katika Suratul-Kawthar (108:2).

Je, limetumika kwa binadamu? Ndiyo, na ni katika habari mbili tu.

Ya kwanza ni habari ya Firaun. Katika Suratul-Baqara (2:49), Ibrahim (14:6) na al-Qasas (28:4), Allah (s.w.) anaeleza jinsi Firaun na watu wake walivyokuwa wakiwachinja watoto wa kiume wa Bani Israil na kuwaacha hai wanawake. Tendo hilo limetajwa kuwa ni adhabu mbaya, mtihani mkubwa na ufisadi.

Ya pili ni habari ya Nabii Ibrahim (a.s.) na mwanawe katika Suratus-Saffat (37:102-107). Ibrahim anaona ndotoni kuwa anamchinja mwanawe, wote wawili wananyenyekea, na kabla tendo halijatimia Allah anamwita, anamzuia, na kumkomboa mtoto kwa mnyama wa kuchinjwa. Kila Idi ya kuchinja tunaiadhimisha siku hiyo ambayo kisu kiliondolewa shingoni mwa mtu.

Kwa hiyo, msomaji, mahali ambapo Qur'an inamtaja binadamu aliyewachinja kweli binadamu wenzake, mtendaji ni Firaun. Mwenye kumlaza mtu chini akamchinja huku akipiga takbira mbele ya kamera anafuata mwendo wa Firaun, hata kama amevaa kanzu.

Shingo katika Qur'an

Msomaji makini atauliza: je, ile aya ya Suratu Muhammad (47:4) inayotaja kupiga shingo? Ni swali la haki, na wanaotushambulia huipenda sana aya hiyo.

Kwanza, neno lililotumika pale si "dhabaha", ni "dharb", yaani kupiga. Pili, aya inazungumzia makabiliano ya vita, majeshi mawili yanapokutana na kila mmoja ana silaha mkononi. Tatu, aya hiyo hiyo, bila kungoja aya ya pili, inaeleza nini kifanyike baada ya adui kushindwa: watu wafungwe kama mateka, kisha waachiwe kwa hisani au kwa fidia, mpaka vita viweke chini mizigo yake. Wanaoinukuu huishia nusu.

Tuchunguze na neno lenyewe "raqaba", yaani shingo, ambalo wingi wake ni "riqab". Ukihesabu, limekuja mara tisa ndani ya Qur'an. Mara moja ni katika aya hiyo ya vita. Mara nane zilizobaki zote zinahusu kumwacha huru mtumwa: katika maana ya wema (2:177), katika kafara ya kuua bila kukusudia, ambapo limerudiwa mara tatu (4:92), katika kafara ya kiapo (5:89), katika mafungu ya zaka (9:60), katika kafara ya kumfananisha mke na mama (58:3), na katika kile kilima kigumu cha Suratul-Balad (90:13). Qur'an imemwita mtumwa "shingo" kwa kuwa shingo ndipo ilipokaa kamba. Na kumwacha huru ni kufungua shingo.

Mara nane kufungua, mara moja kupiga. Ningependa kila kijana wa Kiislamu aijue hesabu hii kabla hajakutana na atakayemwambia kuwa dini yake ni dini ya kukata shingo.

Haki tuitaje yote. Katika fiqhi ipo adhabu ya kifo, na wanazuoni wengi wa zamani waliona upanga kuwa njia yake kwa sababu ulikuwa na wepesi kwa anayekufa. Saudi Arabia bado inautumia. Lakini hilo ni jambo la dola, baada ya kadhi kusikiliza ushahidi, wala halikuachiwa mtu au kikundi. Na wala si la Waislamu peke yao: Ufaransa iliwakata watu vichwa kwa mashine yake maarufu hadi mwaka 1977, na ikafuta adhabu ya kifo mwaka 1981. Hakuna aliyesema ule ulikuwa ni Ukristo.

Muthla

Sasa tunafika kwenye neno ambalo ndilo hasa tulilolihitaji pale Kalenga. Nalo ni "muthla".

Muthla ni kuuharibu mwili wa mtu kwa kumkata viungo, akiwa hai au maiti, kwa kulipiza kisasi, kwa kudhalilisha, au kwa kujionesha. Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakiifanya. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Waislamu walimkuta Hamza (r.a.), ami yake Mtume (s.a.w.), akiwa amepasuliwa na kukatwa viungo. Machungu ya Mtume siku ile yanajulikana. Wafasiri wengi wameeleza kuwa kuhusiana na tukio hilo iliteremka aya ya Suratun-Nahl (16:126), ambayo inaweka mpaka wa kulipiza na kusema kuwa kusubiri ni bora zaidi. Mtume (s.a.w.) akasubiri. Na katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, alikataza muthla, na alipokuwa akiwatuma makamanda wake aliwausia wasiwakate maadui viungo.

Abubakar Siddiq (r.a.) aliulinda msimamo huo. Imepokewa katika Sunan za al-Bayhaqi kuwa makamanda wake wa Sham walimpelekea Madina kichwa cha kiongozi mmoja wa adui. Abubakar akachukizwa. Aliyekileta, Uqba bin Amir (r.a.), akajitetea kuwa na wao adui hutufanyia hivyo. Abubakar akakataa Waislamu kuiga desturi za Waajemi na Warumi, akaagiza asiletewe tena kichwa cha mtu. Barua na habari vinatosha.

Na tusijifiche nyuma ya historia nzuri tu. Tarehe 10 Muharram mwaka 61 Hijria, yaani 680, waliojiita Waislamu walikikata kichwa cha Imam Hussein (r.a.), mjukuu wa Mtume, huko Karbala, na kukipeleka kwa gavana wa Kufa. Umma haujaacha kulilia jambo lile hadi leo. Kwa hiyo anayekata vichwa kwa jina la Uislamu anao watangulizi, ila watangulizi wake ni wale waliomkata Hussein.

Je, heshima hii ya mwili ni ya Muislamu tu? Hapana. Imepokewa na Bukhari kuwa jeneza lilipita mbele ya Mtume (s.a.w.) akasimama. Akaambiwa kuwa ni la Myahudi. Akawauliza kama huyo naye si nafsi. Na katika Hadithi ya Bi Aisha (r.a.) iliyomo katika Sunan za Abu Daud, kuvunja mfupa wa maiti kumefananishwa na kuuvunja akiwa hai.

Kilichotokea Mlambalasi

Tukiwa na maneno haya mkononi, turudi Iringa.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alilishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Kamanda wao, Emil von Zelewski, ambaye watu walimpachika jina la Nyundo, aliuawa siku ile pamoja na askari wengi. Wajerumani hawakulisahau. Oktoba 1894 waliiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa akaingia porini na kuendesha mapambano kwa karibu miaka minne. Serikali ya kikoloni ikatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake.

Tarehe 19 Julai 1898, sajini mmoja wa Kijerumani aitwaye Merkl na askari wake walimfikia Mkwawa huko Mlambalasi. Walimkuta ameshakufa. Alikuwa amejipiga risasi ili asikamatwe hai. Kichwa kikakatwa kwa amri ya sajini huyo na kupelekwa kambini Iringa kwa mkuu wa kituo, Tom von Prince, ili kuthibitisha kuwa aliyesakwa amepatikana. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi, na kichwa kikaishia Ujerumani.

Tusiseme pia kuwa Waislamu hawakuwemo. Jeshi lile la kikoloni lilijaa askari Wasudani na Waswahili, wengi wao Waislamu, waliokuwa wakilipwa mshahara na Mjerumani. Wakati huohuo Mjerumani huyo huyo alikuwa amekwisha mtia kitanzini Bushiri bin Salim huko Pangani, Desemba 1889. Dhulma ilikuwa na mikono ya watu wa dini zote, na waliodhulumiwa walikuwa wa dini zote.

Ulaya kichwa kile kilibadilishwa jina. Hakikuwa tena kichwa cha mtu, kilikuwa fuvu. Katika Kiswahili, fuvu ni jamaa wa "kifuu", lile gamba la nazi lililokwisha kukunwa: kitu kitupu ambacho ndani yake hakuna mtu. Zama zile wataalamu wa Ulaya walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu wa Afrika kwa maelfu, wakiyapima marefu na mapana kwa madai ya kuchunguza kabila lipi ni bora kuliko jingine. Waliyaita vielelezo vya elimu. Mtume (s.a.w.) alikuwa ameshalipa tendo hilo jina lake karne 13 kabla: muthla.

Kifungu cha 246

Hapa pana jambo ambalo Waislamu wengi hawalijui. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Ujerumani ilitia saini Mkataba wa Versailles mwaka 1919. Kifungu cha 246 cha mkataba huo kiliitaka Ujerumani irudishe vitu viwili ndani ya miezi sita. Cha kwanza ni msahafu wa asili wa Khalifa Uthman (r.a.), uliochukuliwa Madina na watawala wa Kituruki na kusemekana kuwa ulizawadiwa Kaisari Wilhelm wa Pili, huo urudishwe kwa Mfalme wa Hijaz. Cha pili ni fuvu la Sultani Mkwawa. Hilo likabidhiwe kwa serikali ya Uingereza.

Msahafu wa Madina na kichwa cha Kalenga, katika kifungu kimoja! Mataifa makubwa yalipoorodhesha vilivyoporwa, matukufu ya Waislamu na mwili wa Muafrika vilikaa mstari mmoja.

Miezi sita ilipita na fuvu halikurudi. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen. Mle mlikuwa na mafuvu kiasi cha 2,000. Lilichaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa wa Mkwawa, na kwa tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Hebu fikiria: mjukuu anamtambua babu yake kwa futi kamba, miongoni mwa mafuvu 2,000 yasiyo na majina.

Wengine hawajapata hata hilo. Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa Songea Februari 1906 katika vita vya Majimaji, kichwa chake kinasemekana kuchukuliwa, na ukoo wake bado unakitafuta. Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa Machi 1900, naye vivyo hivyo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha. Mwaka huohuo watafiti wa Berlin walikuwa wametoa taarifa ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki yaliyokuwa katika hifadhi yao.

Neno likiharibika, watu huumia

Huenda mtu akasema: Ustadh, haya ni maneno tu, yana madhara gani?

Madhara tuliyaona mwaka 2013. Februari mwaka ule, mgogoro wa nani achinje nyama za buchani ulizuka Buseresere mkoani Geita, na mchungaji mmoja akauawa katika vurugu zile. Aprili mgogoro ukafika Tunduma, wakati huo ikiwa bado ndani ya mkoa wetu wa Mbeya kabla ya kuundwa mkoa wa Songwe mwaka 2016. Polisi walifyatua mabomu ya machozi katika mji ambao watu wa dini zote walikuwa wamekula nyama ya bucha moja kwa miaka mingi. Wenzetu walidhani tunadai mamlaka juu yao. Sisi hatukuwaeleza vya kutosha kuwa tunadai masharti ya ibada yetu tu.

Na masharti yenyewe ni ya huruma. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi ya Shaddad bin Aus iliyomo katika Sahih Muslim, amefundisha kuwa Allah ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, linalowajibika ni kukata koromeo na umio. Kukiondoa kichwa chote kwa mkupuo, wanazuoni wamekuhesabu kuwa ni karaha, ingawa nyama ni halali. Umeona, msomaji? Hata kwa mbuzi, kuchinja si kukata kichwa.

Kwa upande mwingine, tangu Oktoba 2017 ng'ambo ya Ruvuma, huko Cabo Delgado, limekuwepo kundi linalokata watu vichwa kwa jina la Uislamu, na wengi wa wahanga wake ni Waislamu wa vijiji vya pwani. Na hapa kwetu Mbeya, wazee wanayakumbuka matukio ya watu kuchunwa ngozi kwa ajili ya ushirikina, na nchi nzima inajua waliyofanyiwa ndugu zetu wenye ualbino. Hayo yote tusiyaite kuchinja. Ni kuua, na ni muthla, awe mtendaji ni mganga, mkoloni au anayejiita mujahidina.

Tunajifunza nini?

(a) Wazazi na waalimu tuwafundishe vijana maana za maneno haya mapema. Kijana asiyejua tofauti ya dhabaha na muthla atadanganywa na pande mbili: na anayemwambia dini yake ni ya kinyama, na anayemwambia unyama ndiyo dini.

(b) Waandishi na wasemaji wetu tuache kuandika kuwa mtu "amechinjwa". Tuseme ameuawa, au amekatwa kichwa. Tusipolilinda neno la ibada sisi, hatalilinda mwingine.

(c) Tuwaeleze majirani zetu wasio Waislamu, kwa upole na mapema, nini hasa tunachotaka buchani. Tusingoje mpaka mabomu ya machozi yapigwe.

(d) Madai ya kurudishwa miili ya wahenga wetu tusiyaone kuwa ni ya Wahehe, Wangoni au Wachaga tu. Muislamu anayesoma Hadithi ya mfupa wa maiti analo la kusema hapo.

Wanafunzi wale walikwisha hitimu. Lakini kama yule kijana anasoma ukurasa huu, jibu la swali lake ni hili: Hapana, mwanangu, Mkwawa hakuchinjwa. Wala hakuuawa kwa kukatwa kichwa. Alikuwa ameshakufa walipomfikia, na walichofanya baada ya hapo ni kile ambacho Mtume wako alikikataza hata kwa adui. Na mwenzako aliyesema kuchinja ni kazi yetu, mwambie amesema kweli, kisha mwalike Idi ijayo aje aone inavyofanywa.

Wallahu a'lam.